MIKOKO YA GAZI: SOMO LA BAHARI KWA WATU WA MLIMANI

Mwaka huu nilipewa kazi ya kuandaa somo la msamiati wa bahari. Nikaona nisilete orodha ya maneno matupu, maana neno lisilo na kitu chake husahaulika punde tu mtihani ukiisha. Nimechagua mahali pamoja, Gazi katika Kaunti ya Kwale, ambapo maneno hayo yanafanya kazi kila siku.

Najua kuna atakayeuliza: "Sisi wa Kebirigo na bahari, wapi na wapi?" Swali ni la haki. Hata maji yetu hayaelekei huko. Gucha na Sondu humwaga maji Ziwa Victoria, kisha maji hayo hufuata mto Nile hadi bahari ya Mediterania. Sisi tumezoea majani chai na migomba. Lakini lugha tunayosomea ilikulia pwani, na anayetaka kuijua vizuri hana budi kujua mambo ya pwani. Tena, taasisi nitakayoitaja ina kituo Kisumu kinachochunguza ziwa lile lile tunalopata omena na mbuta. Basi si mambo ya wageni haya.

1. TAASISI YENYEWE

Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ambayo kwa kifupi huandikwa KMFRI, ilianzishwa mwaka 1979. Makao yake makuu yako Mkomani, Mombasa. Wataalamu wake huchunguza samaki, matumbawe, nyasi za baharini, mikondo ya maji na mikoko. Wana meli kubwa ya kazi hiyo iliyotoka Ubelgiji, na jina lake ni Mtafiti. Hapa tukumbuke sarufi yetu: kitenzi ni tafiti, mwenye kutenda ni mtafiti, na kazi yenyewe ni utafiti.

Taasisi hii pia ina kituo Gazi, umbali wa kilomita 50 hivi kusini mwa Mombasa. Huko ndiko tunakoelekea.

2. MKOKO NI MTI GANI?

Mkoko ni mti unaoota kwenye matope ya ufuo, mahali ambapo maji ya chumvi hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mhindi wetu ukiupanda hapo, hata wiki haumalizi. Mkoko huishi kwa sababu una mizizi inayosimama juu ya matope ili ipate hewa. Mbegu yake nayo ni ajabu: huchipua ikiwa ingali inaning'inia juu ya mti mama, halafu mche huanguka kama mkuki na kujichoma matopeni, au huelea hadi pahali pengine.

Kenya ina aina 9 za miti hii. Tazameni utajiri wa Kiswahili: kuna mkoko wenyewe, muia, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi na msikundazi. Majina haya si mapambo. Mlilana hupenda kusimama mbele kabisa, karibu na bahari. Mkandaa hukaa nyuma zaidi, upande wa nchi kavu. Majani ya mchu hutoa chumvi, ukiyalamba utaionja. Anayepanda mti huu mahali pa ule, miche yake hufa. Kumbe mzee anayejua majina na makazi ya miti hii tayari ana sayansi kichwani.

Faida za mikoko ni nyingi. Samaki wadogo na kamba hukulia kwenye mizizi yake. Mawimbi hupungua nguvu kabla ya kufika kijijini. Zaidi ya hayo, matope yake huweka akiba kubwa ya kaboni, ambayo ingekuwa angani ingeongeza joto duniani.

3. YALIYOTOKEA GAZI

Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Mtu angedhani imesalimika. Wapi! Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi iwe kuni za viwanda. Sehemu nyingine zikabaki uwanja mtupu, na miti haikurudi yenyewe. Sheria ilikuwepo, miti haikuwepo.

Katika miaka ya 1990 watafiti walianza kupanda tena wakishirikiana na wanakijiji. Mmoja wa wanaojulikana sana kwa kazi hiyo ni Dkt. James Kairo wa KMFRI. Walitengeneza vitalu, wakajaribu aina mbalimbali za miti, wakapima miaka nenda miaka rudi.

Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, unaosimamiwa na wakazi wa Gazi na Makongeni. Mradi unatunza hekta 117 za msitu. Watafiti hupima kaboni inayowekwa, na wanunuzi, wengi wao wa ng'ambo, hulipia kila tani. Kwa mwaka ni karibu tani 3,000. Fedha zimetumika kwa maji safi, vitabu na majengo ya shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kina mama wa Gazi nao wana njia ya mbao inayopita juu ya matope. Wanafunzi na wageni hulipa kiingilio, hutembezwa na kuelezwa.

4. MAFIGA MATATU

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Kituo cha namna hii kina mafiga matatu: utafiti, uhifadhi na elimu kwa umma. Hoja yangu ni kwamba ukiondoa moja, chungu kinamwagika.

Utafiti bila elimu hubaki kabatini Mombasa, kwa Kiingereza kigumu, na mvuvi hafaidiki. Uhifadhi bila elimu ni ule wa 1932: amri iko, shoka linaendelea. Elimu bila utafiti nayo ni maneno ya jukwaani, kwani bila vipimo nani angelipia hizo tani 3,000?

Wako watakaosema: mwenye njaa hahifadhi. Ni kweli, na Gazi hawakulipuuza jambo hilo. Watu bado wanahitaji kuni na nguzo, kwa hiyo mradi ulipanda pia mivinje nchi kavu ili mikoko ipumzike. Huwezi kumwambia mama asikate mti huu kama hujamwonyesha wa kukata.

Mfano mwingine uko Zanzibar. Matumbawe ya kisiwa cha Chumbe yalifanywa hifadhi mwaka 1994. Mapato ya watalii huendesha hifadhi hiyo, na watoto wa shule za Unguja hupelekwa kuyaona matumbawe kwa macho yao. Mafiga ni yale yale.

5. NA SISI JE?

Chemchemi zetu ni mikoko yetu. Wazee husema nyingine zimepungua maji, na wengi huilaumu mikaratusi iliyopandwa mabondeni. Napendekeza chama chetu kisaidiane na chama cha sayansi: tupime kijito kilicho karibu kila mwezi, tuandike kwa Kiswahili, tukabandike matokeo sokoni na kanisani ambako wazazi watasoma. Kipimo, utunzaji, maelezo. Hatuhitaji meli.

MSAMIATI

Bamvua: wakati maji ya bahari hujaa sana na kupwa sana.
Maji mafu: wakati tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.
Kitalu: mahali pa kukuzia miche.
Matumbawe: miamba inayojengwa na viumbe wadogo wa baharini.
Ufuo: ukingo wa bahari au ziwa.

MASWALI

1. Kwa nini sheria ya 1932 haikutosha kuilinda mikoko ya Gazi?
2. Taja aina nne za mikoko, na ueleze makazi ya mbili kati yake.
3. Tunga sentensi ukitumia: tafiti, mtafiti, utafiti.
4. Jadili: "Mwenye njaa hahifadhi."

Majibu ya swali la nne tuyalete kwenye mdahalo.