Busaa, Chang'aa na Sumu Isiyoonekana

Kitengela ni mji wa Kajiado, kilomita 30 hivi kusini ya Nairobi, kando ya barabara iendayo Namanga. Zamani palikuwa malisho ya ng'ombe, na pombe ya wazee wa Kimasai ilikuwa ya asali wala si ya nafaka. Baadaye viwanda vya Athi River viliwavuta watu wa makabila mengi, nao wakaja na ujuzi wa busaa na chang'aa.

Busaa hutengenezwa hivi. Unga wa mahindi hutiwa maji, ukaachwa siku kadha uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati mpaka ukauke. Halafu huchanganywa na maji pamoja na kimera, yaani wimbi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Kimera ndicho kigeuzacho wanga kuwa sukari, na hamira huigeuza sukari kuwa kileo. Baada ya siku chache pombe huchujwa.

Chang'aa ni mvuke wa pombe iliyokwisha kuchachuka. Kileo huchemka penye joto la digrii 78, na maji penye digrii 100. Kwa hiyo kileo hutangulia kupanda. Mvuke hupozwa, na matone yake hukingwa. Ndiyo sababu chang'aa ni kali kuliko busaa.

Lakini mbona watu hufa? Pombe ya nafaka yenyewe ina methanoli kidogo sana. Maafa makubwa hutokana na wauzaji wanaotia methanoli ya viwandani ili wapate faida. Sumu hiyo ni maji meupe kama chang'aa, wala mnywaji haitambui kwa macho. Mwezi wa Novemba 2000, katika mtaa wa Mukuru, Nairobi, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100, na wengine wakapofuka.

Dalili zake huweza kukawia hata siku nzima: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kuuma, macho kuona ukungu, na kuhema kwa shida. Mgonjwa asiachwe alale ati ulevi umtoke. Apelekwe hospitali upesi, na walionywa pamoja naye waende pia, ijapokuwa hawajaumwa.

Sheria ya mwaka 1980 ilipiga marufuku chang'aa kabisa. Sheria ya mwaka 2010 iliondoa marufuku hiyo, ila yataka mtengenezaji awe na leseni, na chupa iwe na onyo. Tena asiuziwe mtu aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo mama mwenye karo ya kulipa hupika kwa siri, na kibarua mwenye shilingi chache hununua kikombe kimoja. Huenda mama huyo ni mwaminifu, lakini pombe yake ikiisha kupita mikono mitatu, hakuna ajuaye kilichoongezwa. Tamaa mbele, mauti nyuma.