MDACHI MWUNDA MERIKEBU
Habari za Anton Rüter na merikebu iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915

Wasomaji wetu wa Kibondo na Kasulu waujua mto Malagarasi. Huanza katika milima ya mpakani mwa Burundi, huizunguka nchi ya Buha, huingia katika vinamasi vya upande wa mashariki, kisha hugeuka kwenda magharibi, hupita Uvinza penye chumvi, na mwisho humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, kusini ya Kigoma. Mbele ya mlango wa mto huo, tarehe 26 Julai 1916, ilizamishwa merikebu kubwa ya chuma. Na waliotengeneza kuzama kwake ni watu wale wale waliokuwa wameiunda. Katika somo hili twataka kueleza habari za fundi wao mkuu, namna alivyofanya kazi yake, na sababu iliyofanya kazi hiyo isipotee chini ya maji.

MDACHI NI NANI?

Wazee wetu waliwaita Wajeremani jina la Wadachi, na neno hilo lilitoka katika jina ambalo Wajeremani wenyewe hujiita. Waingereza nao wana neno la asili hiyo hiyo, ila wao huwaitia Waholanzi, majirani wa Wajeremani. Basi mtu asichanganyikiwe: Mdachi wa habari hii ni Mjeremani, lakini ametoka karibu sana na mpaka wa Holanzi.

Waholanzi walisifiwa zamani katika Ulaya nzima kwa ustadi wa kuunda vyombo. Hata mfalme wa Urusi, Peter, mwaka 1697 alikwenda Zaandam na Amsterdam, akavua mavazi ya enzi, akashika shoka, akajifunza kazi kama mwanagenzi ye yote. Mji wa Papenburg upo upande wa pili wa mpaka, katika nchi ya chini yenye maji mengi. Watu wake walichimba mifereji kwa mfano wa Waholanzi, na katika mifereji hiyo waliunda vyombo vya mbao vya kwenda baharini. Mwaka 1795 jamaa ya Meyer walianzisha kiwanda cha merikebu katika mji huo. Karne ya 19 ilipoelekea kwisha, walianza kuacha mbao wakashika chuma na injini za mvuke. Katika kiwanda hicho ndimo Anton Rüter alimofanya kazi, naye alikuwa fundi mkuu wa kuunda merikebu.

MERIKEBU ILIYOUNDWA MARA MBILI

Wadachi walikuwa wakijenga reli kutoka Dar es Salaam tangu mwaka 1905. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mwezi wa Februari 1914 ikafika Kigoma, mwendo wa kilometa 1,250 hivi. Lakini reli ikifika ziwani husimama. Ikatakiwa merikebu ya kuipokea mizigo na kuipeleka mbele. Kiwanda cha Papenburg kikapewa kazi ya kuunda merikebu yenye urefu wa mita 70 hivi na upana wa mita 10. Ikapewa jina la Graf von Götzen, aliyekuwa gavana wa Wadachi toka mwaka 1901 hata 1906. Huyo ndiye gavana aliyekuwapo vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, na watu wengi sana wa kusini walipokufa kwa silaha na kwa njaa.

Sasa yafaa msomaji afikiri. Kutoka baharini hakuna njia ya maji iwezayo kupitisha merikebu ya namna hiyo hata Ziwa Tanganyika. Itafikaje? Jibu la mafundi lilikuwa hili: waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaiunganisha kwa parafujo za muda tu, ili waone kama kila kipande chaingia mahali pake. Walipokwisha kuridhika, wakaifungua yote. Kila bamba, kila taruma na kila bomba likatiwa alama yake, kisha vitu vyote vikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakasafiri kwa bahari kutoka Hamburg mpaka Dar es Salaam, na kutoka huko yakapakiwa katika gari la moshi kwenda Kigoma.

Rüter alikuja na wenzake wawili kutoka Papenburg, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Kigoma wakati ule hapakuwa na kiwanda cha kuundia merikebu kubwa, wala hapakuwa na duka la kununulia kitu kilichosahauliwa. Bamba moja likipotea njiani, au likitiwa alama isiyo yake, kazi nzima itasimama, na kupata jingine ni kungoja miezi. Hapo ndipo ilipoonekana faida ya zile alama zilizotiwa Papenburg.

KAZI YA RIBITI

Merikebu ya chuma huanza kwa mkuku, ndio uti wa mgongo wake. Juu ya mkuku husimamishwa mataruma, ambayo ni mfano wa mbavu za mnyama. Kisha mataruma huvikwa mabamba ya chuma, kama ngozi ivikavyo mbavu. Siku zile mabamba hayakuunganishwa kwa moto wa umeme kama ilivyo desturi ya siku hizi, bali kwa misumari minene isiyo na ncha, iitwayo ribiti.

Kazi ya ribiti ni hii. Mtu mmoja huichoma katika jiko la makaa mpaka iwe nyekundu. Wa pili huichukua kwa koleo, akaitia katika tundu lililopita katika mabamba mawili. Wa tatu hukaa upande wa ndani akikikaza kichwa chake kwa chuma kizito, na wa nne huipiga kwa nyundo upande wa nje hata ncha ile ifumuke, iwe kichwa cha pili. Ribiti ikipoa hujikaza. Na katika kujikaza huyavuta mabamba mawili yashikane, maji yasipate njia. Mhunzi wa kijijini afuaye jembe aijua tabia hiyo ya chuma, kuwa kikiwa moto hutanuka na kikiwa baridi hunywea. Merikebu moja yataka ribiti maelfu kwa maelfu, na kila moja yataka watu wake na nyundo zake.

Kwa hiyo twasema wazi kwamba watu watatu hawaiundi merikebu. Waliokuwapo ni mafundi wageni na wenyeji wengi, waliochukua masanduku mabegani, waliovuta mabamba kwa kamba na waliopuliza mivuo. Vitabu huwataja Rüter na wenzake wawili, na hao wengine hawatajwi. Lakini ribiti walizozipiga ndizo zilizozuia maji.

VITA VYAIKUTA KAZI

Mwezi wa Agosti 1914 vita kuu ikaanza, merikebu ingali juu ya chelezo. Tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini, na mwezi wa Juni ikaanza kusafiri. Ilikuwa imekusudiwa kuchukua abiria na mizigo. Sasa ikachukua askari. Ikawekwa mzinga uliotoka katika manowari Königsberg, ambayo ilikuwa imeangamia katika matawi ya mto Rufiji mwezi wa Julai 1915. Merikebu ya fundi ikawa manowari.

Lakini mambo ya vita hugeuka. Waingereza walileta mashua mbili ndogo za injini, wakazivusha nchi kavu na misitu ya Kongo hata ziwani, na Wadachi wakapoteza vyombo vyao viwili, cha kwanza mwezi wa Desemba 1915 na cha pili mwezi wa Februari 1916. Mzinga mkubwa wa Graf von Götzen ukaondolewa kwenda kutumika katika vita vya nchi kavu. Hata mwezi wa Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yakikaribia Kigoma, na Wadachi wakaazimia kuondoka. Ikatoka amri kwamba merikebu izamishwe, isije ikaingia mikononi mwa adui.

Amri hiyo ingaliweza kutimizwa kwa baruti, na kazi ingalikwisha kwa dakika moja. Lakini mafundi watatu hawakufanya hivyo. Waliipakaza injini yote grisi nene, kila mahali palipoweza kuingiliwa na kutu. Wakaijaza merikebu mchanga ili ishuke taratibu na kutulia chini. Kisha wakaizamisha kwa uangalifu katika maji ya kina cha mita 20 hivi. Amri waliitii, maana merikebu ilitoweka machoni pa adui. Lakini walifikiri pia kwamba vita havidumu milele, na kwamba yuko mtu atakayekuja baada yao kuitaka merikebu hiyo.

KAZI YAONEKANA TENA

Baada ya vita Wabelgiji ndio walioshika Kigoma na nchi ya Buha mpaka mwaka 1921, ndipo Waingereza wakaipokea. Tarehe 16 Machi 1924 Waingereza waliipandisha merikebu kutoka majini.  Walipoondoa matope na kufuta grisi, wakakuta injini na mabirika ya mvuke bado yafaa kutumika. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari tena, kwa jina jipya la Liemba, ambalo ni jina la zamani la maji ya kusini ya ziwa, kama Livingstone alivyolisikia mwaka 1867. Injini zile za mvuke zilifanya kazi mpaka miaka ya 1970, zilipoondolewa na kutiwa za dizeli. Grisi ya siku chache ilihifadhi kazi ya miaka hamsini.

Wasomaji wetu wanayo sababu yao wenyewe ya kuikumbuka Liemba. Mwaka 1997 ilichukua zaidi ya wakimbizi 75,000 kuwarudisha kwao Kongo kwa njia ya Uvira. Tena mwezi wa Mei 2015, watu wa Burundi waliokimbia machafuko walijazana kwa makumi ya maelfu katika kijiji cha Kagunga, kilicho kati ya mlima na maji, wala wakati ule barabara ya gari haikuwapo. Kipindupindu kikaingia. Liemba ikatumwa kuwachukua mpaka Kigoma, safari baada ya safari, na kutoka Kigoma wakapandishwa kwa mabasi hata Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Baadaye mwaka huo huo kambi ya Nduta, wilaya ya Kibondo, ikafunguliwa tena kuwapokea wengine. Ilikuwa miaka 100 kamili tangu merikebu iliposhushwa majini. Ilipewa jina la gavana wa vita, ikatiwa mzinga, na mwisho ikawavusha waliokimbia vita.

MAFUNZO

Mambo matatu twayapata katika kazi ya Rüter. La kwanza, ukifungua mashine, tia alama. Ufunguapo baiskeli, cherehani au mashine ya kusagia unga, kila kipande kiwekwe kwa utaratibu na kijulikane mahali pake. Asiyefanya hivyo hubaki na kipande kimoja mkononi asijue kilitoka wapi. La pili, chombo kisichotumika kisiachwe vivi hivi. Kisafishwe, kikaushwe, kipakwe mafuta, ndipo kiwekwe. Wazee walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya chuma isiyopakwa mafuta huliwa na kutu.

La tatu ndilo kubwa. Fundi mwema humfikiri mtu asiyemjua, atakayekishika chombo baada yake. Rüter na wenzake hawakujua ni nani atakayeipandisha merikebu, na yamkini atakuwa adui yao. Hata hivyo waliipaka grisi. Achimbaye kisima, ajengaye daraja na apandaye mwembe wako katika hali hiyo hiyo, nao wasikate tamaa wakiambiwa kwamba wengine ndio watakaofaidi.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Kwa nini merikebu iliundwa Papenburg, kisha ikafunguliwa?
2. Ribiti ikipoa hufanya nini, na faida yake ni ipi?
3. Eleza tofauti ya kuzamisha kwa baruti na namna mafundi walivyozamisha.
4. Taja chombo kimoja cha nyumbani kwenu kilichoharibika kwa kutu. Kingaliweza kuhifadhiwaje?