Mfuate Mtu wa Chini: Namna ya Kusoma Riwaya za India

Ukitaka kuona riwaya za India zinavyoeleza mabadiliko ya jamii kabla na baada ya uhuru wa 1947, usianze na hotuba za wanasiasa waliomo. Mchague mhusika mmoja wa tabaka la chini, ujiulize: haruhusiwi kuingia wapi, kugusa nini, na akikaidi anafanywa nini?

Anza na Untouchable ya Mulk Raj Anand (1935). Mambo yote yanatokea siku moja. Bakha, kijana msafisha vyoo, anamgusa kwa bahati mbaya mtu wa tabaka la juu njiani. Anatukanwa, anazabwa kofi. Dada yake haruhusiwi kuteka maji kisimani, hungoja mpaka apatikane wa kummiminia. Kila ukikutana na mpaka wa namna hiyo, uandike. Mwishoni Bakha anasikia majibu matatu: mmisionari anamhubiria Yesu, Gandhi anahutubia umati, na mshairi anasifu choo cha kuvuta, kitakachoifuta kazi ya kuzoa kinyesi. Hapo usiharakishe. Uhuru haujaja, na mabadiliko bado ni maneno ya watu wengine yanayomfikia Bakha masikioni.

Kisha shika A Fine Balance ya Rohinton Mistry (1995).  Kabla ya uhuru, Dukhi, mtengeneza ngozi, anathubutu kuwapeleka wanawe wakajifunze ushonaji. Mwanawe Narayan anarudi kijijini akiwa fundi cherehani na anapata wateja. Katiba ya 1950 imekwisha kupiga marufuku ubaguzi wa tabaka, lakini anapodai kupiga kura yake kwa mkono wake, watu wa mwenye ardhi wanamtesa na kumuua, kisha jamaa zake wanachomwa moto nyumbani. Kwangu mimi, hiki ndicho kiini cha riwaya nzima: sheria ni mpya, kazi ni mpya, ila mwenye nguvu ni yuleyule.

Zingatia pia mwaka wa kuchapishwa na mwaka wa kisa. Mistry anaisimulia Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya India, 1975 hadi 1977, akijua ilivyoishia. Anand hakujua kesho italeta nini, na matumaini yake yasomwe hivyo.

Ukipata nafasi, ongeza Godaan ya Premchand (1936), iliyoandikwa kwa Kihindi. Humo fuata madeni ya mkulima Hori, tangu anapomchukua ng'ombe kwa mkopo, na umsikilize sana mkewe Dhania, anayewaambia wakubwa wa kijiji ukweli usoni.