Dashibodi ikisema nyuzi 40 chini ya sufuri: jinsi ya kutafuta kasoro ya kipimajoto cha nje cha gari

Mkazi wa Kinangop hahitaji kipimajoto ili ajue asubuhi ina baridi. Lakini dereva anapowasha gari Njabini saa kumi na mbili alfajiri na dashibodi ikamwonyesha nyuzi 40 chini ya sufuri, au vistari viwili mahali pa nambari, hapo kuna jambo la kuangaliwa. Wengi hulipuuza. Gari linawaka, linatembea, na nambari hiyo ndogo haijawahi kumzuia mtu kufika Ol Kalou.

Shida huonekana ukungu unapotanda. Dereva anawasha AC ili kioo cha mbele kikauke, kioo kinazidi kufifia, na anabaki akipangusa kwa kitambaa huku lori likimjia. AC si ya kupoza tu. Hewa inapopita kwenye mabomba yake baridi, unyevu huganda kuwa matone na kudondoka chini ya gari. Hewa inayofika kwenye kioo huwa kavu. Katika magari mengi yenye AC inayojirekebisha yenyewe, kompyuta husoma joto la nje kwanza kabla ya kuruhusu kompresa izunguke. Ikiamini kwamba nje kuna baridi ya kugandisha, huizuia kompresa ili isiharibike. Kwa hiyo nambari ya uongo kwenye dashibodi inaweza kuizima AC ambayo haina ubovu wowote.

Hapo ndipo pesa hupotea. Mwenye gari anamwambia fundi kwamba AC haifanyi kazi, gesi inajazwa, hali inabaki vilevile. Anaambiwa kompresa imekufa. Ananunua nyingine kutoka maduka ya spea, nayo pia haizunguki, kwa kuwa amri ya kuzunguka haijatoka. Kilichohitajika ni kuchomeka plagi moja iliyoachwa ikining'inia nyuma ya bampa.

Sensa inayopima joto la nje ni kitu kidogo, kama ncha ya kidole gumba, chenye waya mbili. Katika magari mengi ya Japani imefungwa mbele ya rejeta, nyuma ya grili au bampa. Mahali hapo pana upepo mzuri, ila ndipo gari hugongwa kwanza. Bampa likitolewa kwa ajili ya kunyooshwa au kupakwa rangi, plagi ya sensa huchomolewa, na mara nyingi hairudishwi. Gari la mtumba linaweza kuwa lilitengenezwa hivyo hata kabla ya kupakiwa melini. Swali la kwanza la kujiuliza, basi, ni hili: bampa lilitolewa lini mara ya mwisho?

Katika baadhi ya magari ya Ulaya sensa hukaa chini ya kioo cha pembeni. Kioo hicho kikiibwa mjini na kubadilishwa na kingine cha bei rahisi kisicho na sensa, dashibodi huanza kuonyesha maajabu siku hiyohiyo. Mwenye gari asiyejua hili anaweza kuhangaika mwezi mzima akifungua grili.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha kuna kasoro kweli. Gari lililokwama kwenye msongamano mchana linaweza kuonyesha nyuzi 33 hata kama hewa ni nyuzi 22, kwa sababu joto la injini na la lami huifikia sensa. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana kompyuta nyingi hukataa kupandisha nambari haraka gari likiwa limesimama au likitembea polepole. Endesha dakika kumi kwa mwendo usiokatizwa, kisha soma. Anayetoka Nairobi kupanda hadi Kinangop ana kipimo cha bure: hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, na uwanda wa Kinangop uko karibu mita 800 juu ya Nairobi. Nambari isiposogea hata kidogo safari nzima, kuna kasoro. Ikisoma 64, angalia kwanza kama mtu hakubadilisha kipimo kuwa Farenhaiti kwenye menyu.

Aina ya uongo pia inasema mengi. Ndani ya sensa kuna kipande ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyopanda. Waya ikikatika au plagi ikichomoka, kompyuta huona ukinzani usio na mwisho na kuutafsiri kuwa baridi kali. Ndipo nambari kama 30 au 40 chini ya sufuri, au vistari, hutokea. Waya mbili zikigusana, hutafsiri kuwa joto kali mno. Nambari inayorukaruka barabara ikiwa mbovu huashiria plagi iliyolegea au iliyoshika kutu ya kijani. Nambari iliyo juu kwa nyuzi kumi kila siku mara nyingi humaanisha sensa ni nzima ila imefungwa vibaya, imelala juu ya rejeta badala ya kukaa kwenye kishikio chake.

Sasa mita itumike. Zima gari na uache injini ipoe, kwani feni ya rejeta huweza kuanza bila taarifa. Usiguse plagi za rangi ya njano zilizo mbele ya gari. Hizo kwa kawaida ni za mfumo wa mifuko ya hewa. Chomoa plagi ya sensa, weka mita kwenye omu na pima miguu miwili ya sensa. Magari hutofautiana, lakini nyingi za Toyota husoma karibu kilo-omu 1.7 kwenye nyuzi 25 na karibu 2.1 kwenye nyuzi 20. Kisha ifumbate mkononi: namba ya mita inapaswa kushuka taratibu. Itie kwenye mfuko mdogo wa plastiki, uitumbukize kwenye kikombe cha maji yenye barafu, nayo inapaswa kupanda. Barafu inayoyeyuka huwa nyuzi sufuri hapa kama ilivyo Mombasa, tofauti na maji yanayochemka, ambayo huku kwetu juu hutokota kabla ya kufika nyuzi 93. Mita isiposogea, sensa imekufa.

Sensa ikiwa nzima, kasoro iko kwenye waya au mbele zaidi. Mafundi wazoefu huchomeka rezista ya kilo-omu 2 kwenye plagi ya upande wa gari na kuwasha swichi. Katika Toyota ya aina iliyotajwa, dashibodi inapaswa kuelekea nyuzi 20, ingawa huenda ikachukua muda. Ikifanya hivyo, waya na kompyuta ni salama. Isipofanya, fuata waya kutoka bampa kuelekea ndani, hasa pale palipofungwa taa za ziada au vyuma vya kinga, kwani msumari mmoja tu hutosha kuikata. Mashine ya kompyuta ya gereji nayo huonyesha joto ambalo gari linaamini liko nje. Mwenye gari ana haki ya kuomba aonyeshwe namba hiyo kabla ya kukubali kulipia gesi au kompresa.

Kuna wakati gari hulaumiwa bure. Baadhi ya magari ya Ulaya hulia mara moja na kuonyesha alama ya theluji joto likishuka hadi nyuzi 3 au 4. Asubuhi za baridi kali uwandani jambo hilo hutokea, na si hitilafu.

Wakulima wa viazi, kwa upande wao, wasiitumie nambari hiyo kuamua kama usiku utakuwa na sakitu. Idara ya Hali ya Hewa hupima hewa ndani ya kisanduku chenye kivuli, kati ya mita moja na mbili juu ya ardhi, na hata hapo majani yaliyo chini yanaweza kuganda huku kipimajoto kikisoma nyuzi 3. Sensa ya gari lililoegeshwa kando ya nyumba, injini ikiwa bado na uvuguvugu, itasoma juu zaidi ya hapo.