Nendeni Lushoto, Ila Msikimbilie Ukingoni

Wadogo zangu, leo tuzungumze habari za milima. Maswali yenu ya siku hizi yanafanana: mtu ameona picha ya rafiki yake amekaa juu ya mwamba, nyuma yake ni mawingu na nyika tupu, basi anauliza, "Dada, pale ni wapi, na mimi nitafikaje?" Mara nyingi pale ni Irente, juu ya mji wa Lushoto, mkoani Tanga. Naipenda sana safari hiyo na natamani muende. Lakini picha ile ile ndiyo inayonitia hofu, kwa hiyo hili nalisema kabla ya mengine yote: kwenye mwamba hakuna uzio. Mlima unakatika hapo hapo, na huko chini, karibu mita 1,000, ndiko kiliko kijiji cha Mazinde na mashamba ya mkonge. Upepo hupanda kutoka bondeni bila taarifa, na asubuhi umande hulifanya jiwe liteleze. Kaa nyuma hatua tano. Nyika utaiona ile ile, na picha itatoka nzuri vilevile. Anayekuambia "sogea kidogo tena" wakati umeshafika ukingoni, usimsikilize, hata kama ni mchumba wako.

Haya, sasa njia. Mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita Mombo, na hapo ndipo barabara ya Lushoto inapochepuka. Ni kilomita zipatazo 33 tu, lakini ni za kupanda na kona juu ya kona, bonde likiwa upande mmoja na ukuta wa jiwe upande wa pili, hadi Soni yenye maporomoko yake, kisha Lushoto. Kama huwa unachafukwa na moyo garini, usile sana Mombo, omba kiti cha mbele, na uwe na kipande cha tangawizi cha kutafuna. Usipande usiku. Na masika, mvua zikishachachamaa, uliza kwanza hali ya barabara kabla hujalipa nauli, maana udongo wa milimani huporomoka.

Mombo utakuwa unatoka jasho. Saa moja au zaidi kidogo baadaye, Lushoto, mita zipatazo 1,400 kutoka usawa wa bahari, utatafuta sweta. Wajerumani waliupenda ubaridi huo wakajenga mji na kuuita Wilhelmstal. Miezi ya Juni hadi Agosti baridi ya usiku si ya kuchezea, hasa kwa sisi tuliozoea joto la pwani. Beba sweta nzito, soksi na koti la mvua. Raba ziwe na meno, kwa sababu ule udongo mwekundu ukilowa, kandambili na raba za mtindo wa mjini zitakuangusha mbele za watu.

Jambo ninalotaka mlishike kuliko yote ni hili: milima hii ya Usambara ni milima ya watu. Si pori lililokaa likisubiri wageni. Ni nyumbani kwa Wasambaa, na wamelima karibu kila mteremko: mahindi, maharage, kabichi, karoti, viazi, na miti ya matunda kandokando ya nyumba. Njia yako ya kwenda kutazama mandhari inapita nyuma ya jiko la mama fulani na katikati ya matuta ya mzee fulani. Kwa hiyo salimia, na usalimie vizuri. "Shikamoo" kwa kila aliyekuzidi umri, kisha simama umsikilize akikuuliza umetoka wapi na habari za huko. Utashangaa jinsi njia inavyofunguka. Anayepita ameziba masikio kwa muziki huku ameinua simu juu akirekodi nyumba za watu, hata mimi ningemfungia mlango.

Mavazi pia. Vijijini huko kuna Waislamu wengi na Walutheri wengi, na wote ni watu wa staha. Suruali ya kutembelea haina shida. Funga khanga kiunoni ukiingia kijijini au sokoni, nayo khanga hiyo hiyo utaitandika chini ukitaka kupumzika, utajifunika kukipoa, na utajisitiri nayo ukibanwa na haja njiani. Wasichana, hapo niseme ukweli: vyoo njiani ni vichache. Beba karatasi, maji ya kunawia na mfuko wa kurudishia taka zako mjini. Kama siku zako ziko karibu, beba vya kutosha, wala usiahirishe safari kwa sababu hiyo.

Kuhusu kiongozi wa njia, wengi mnaniuliza kama ni lazima. Irente kutoka mjini ni kilomita tano au sita hivi, unaweza kwenda kwa miguu kwa saa moja na nusu bila haraka, na njia inajulikana. Hata hivyo msichana aliye peke yake namshauri amchukue mwenyeji. Pale mjini kuna ofisi za utalii wa kitamaduni; nenda ofisini mchana, omba kuona kitambulisho, kubalianeni bei na muda wa kurudi kabla hamjaanza, halafu mtumie ndugu yako jina la kiongozi na njia mtakayopita. Kijana anayekufuata kuanzia kituo cha basi na kukataa kutaja bei, mshukuru uendelee na safari yako. Huu si ubahili wala woga. Mwenyeji mzuri atakuonyesha mambo ambayo peke yako ungeyapita, na fedha yako inabaki kijijini.

Mkipita Irente, kwenye shamba linaloendeshwa na kanisa la Kilutheri, simameni mnunue jibini, mkate na jemu. Kuleni hapo hapo bustanini. Jua la jioni linapendeza mno pale mwambani kwa sababu linazama upande wa nyika, lakini giza la milimani halina subira: jua likishazama mnapaswa kuwa mmeshapanga bodaboda au bajaji ya kuwarudisha. Saa kumi na mbili na nusu si saa ya kuanza kutafuta usafiri.

Msiishie Irente. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanapiga picha, wanageuza. Juu ya mji kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kiingilio kinalipwa, na ukilipa dai risiti. Ndani ni miti mirefu, ubaridi, na mbega weusi kwa weupe wakiruka juu kabisa. Misitu hii ni sehemu ya safu ya Tao la Mashariki, yenye mimea na viumbe visivyopatikana kwingine duniani. Yale maua madogo ya zambarau ambayo watu wa Ulaya huyaotesha vyunguni madirishani, asili yake ni misitu ya huku Tanga. Yakapewa jina la afisa wa Kijerumani, Saint Paul-Illaire, miaka ya 1890. Ukiyaona yamejibanza kwenye mwamba wenye kivuli, usichomoe hata moja. Na watoto wakikuletea kinyonga kwenye kijiti ili uwape fedha, kataa kwa upole. Ukilipa leo, kesho watawakamata wengine vichakani.

Wenye miguu imara na siku za kutosha waende hadi Mtae, kijiji kilichokaa kwenye mgongo mwembamba wa mlima upande wa kaskazini. Watembeaji wengi hupita Lukozi na Rangwi na kulala njiani. Kutoka ukingo wa Mtae na jirani yake Mambo unaona Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi imelala chini, na siku hewa ikiwa safi, milima ya Upare, hata Kilimanjaro. Siku yenye ukungu hutaona chochote, na kwa hilo usimlaumu kiongozi.

Majira ninayoyapendekeza ni Januari na Februari, au Septemba hadi Oktoba mwanzoni, kabla ya vuli. Machi hadi Mei kaeni nyumbani. Njia zinateleza na mawingu yanafunika kila kitu.

Mwenye pumu abebe dawa yake mfukoni, asiiache kwenye begi la hotelini. Kila mtu abebe maji lita moja na nusu. Asiyezoea kutembea aanze wiki tatu kabla, kwa kupanda ngazi badala ya lifti na kutembea jioni.

Na ukiwa na siku mbili tu, chukua Irente siku ya kwanza na Magamba ya pili. Mtae usiende kwa haraka. Ingojee hadi upate siku nne kamili.