USALAMA NA AFYA: Kwa nini munganga anapima kilo za mtoto



Hapa Walikale hakuna nyumba isiyojua malaria. Mtoto akifikishwa kwenye kituo cha afya, kabla ya kupewa vidonge anawekwa kwenye mizani. Wengine wanakasirika: "Mtoto anawaka moto, nanyi mnapima kilo!" Basi sikilizeni kilo hizo zilivyowafundisha waganga wa dunia.

Utafiti mmoja wa dawa huwa mdogo. Ule wa Rutshuru, katika Kivu yetu ya Kaskazini, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuwa na watoto 180, nao waligawanywa mafungu matatu. Hesabu hiyo inatosha kuonyesha dawa iliyochoka. Haitoshi kuonyesha ni watoto gani hasa wanaorudiwa na ugonjwa. Kuunganisha majibu ya mwisho ya tafiti nyingi nako hakusaidii sana. Ukiambiwa "kati ya wagonjwa 100 wamepona 97", wale 3 ni akina nani? Ni sawa na mifuko ya kasiterite: ukipewa uzito wa wastani tu, hujui ni mfuko gani uliopungua.

Ndiyo sababu WWARN, mtandao wa watafiti wa malaria ulioanzishwa mwaka 2009, unakusanya habari za kila mgonjwa peke yake: umri, kilo, vidonge alivyomeza, siku ugonjwa uliporudi. (Majina hayatakiwi, msiogope.) Mwaka 2013 ilitoka hesabu ya dawa ya dihidroartemisinini pamoja na piperakini: tafiti 26, wagonjwa 7,072. Kwa jumla dawa ilikuwa nzuri, ikiponya zaidi ya 97 kwa 100. Lakini wagonjwa walipotazamwa mmoja mmoja, kasoro ikaonekana. Watoto wa mwaka 1 hadi 5 ndio waliorudiwa zaidi, na dawa kidogo kwa kila kilo ilizidisha hatari. Kupandisha kima cha chini cha piperakini ya siku tatu kwa watoto hao, kutoka miligramu 48 hadi 59 kwa kila kilo, kungepunguza hatari hiyo kwa nusu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaongeza kipimo cha watoto walio chini ya kilo 25.

Kuunganisha huku si uchawi: mizani ikidanganya kituoni, hesabu nayo itadanganya.

Basi msikadirie kilo za mtoto kwa macho, wala msimkatie kidonge cha mtu mzima. Akitapika mara baada ya kumeza, mrudisheni upesi, huenda akahitaji dawa tena. Na akiugua mwaka ujao, apimwe upya, maana atakuwa amekua.