Ubao, harage na konokono anayezoea

Mvua ndefu ikishashika hapa Wamagana, Tetu, huna haja ya kwenda mbali kutafuta mnyama wa somo la sayansi. Inua majani ya sukuma wiki asubuhi, utamkuta konokono. Chagua anayetembea, aliyejifungia ndani ya gamba hatakuonyesha kitu.

Mweke kivulini juu ya kipande cha ubao kilicholowa, umwache mpaka zile pembe mbili ndefu zenye macho zinyooke kabisa. Simamisha rula kando. Kutoka kwenye ncha yake angusha harage moja ubaoni, karibu naye lakini lisimguse. Pembe zitarudi ndani papo hapo, kisha zitachomoza polepole. Zikishanyooka, angusha jingine: kimo kilekile, mahali palepale. Hapa pataka subira, maana ukiangusha ovyo jaribio limeharibika. Mwenzako aandike pembe zimekaa ndani sekunde ngapi. Sekunde zitapungua, halafu pembe zitajikunja kidogo tu, mwishowe harage litaanguka na konokono ataendelea kutambaa.

“Mwalimu, si amechoka tu?” Wanafunzi hawakosi kuuliza hivyo, nami nalipenda swali hilo kuliko yote, kwa sababu usipolijibu hujathibitisha lolote. Mguse gamba kwa unyasi. Pembe zikirudi ndani kwa nguvu, basi misuli haijachoka, konokono amelizoea harage tu. Sasa angusha harage tena: mara nyingi atashtuka upya.

Eric Kandel, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, alifuatilia kuzoea huku hadi ndani ya neva za konokono wa baharini aitwaye Aplysia, mwenye seli za neva zipatazo 20,000 tu. Mguso usio na madhara ukirudiwarudiwa, seli inayoupokea hutoa kemikali inayozidi kupungua kuipa seli inayovuta matamvua. Utafiti wake juu ya kujifunza na kumbukumbu ulimpa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2000, pamoja na wenzake wawili. Nikiwasimulia hayo watoto wa Tetu, hakuna tena anayetaka kummwagia konokono chumvi.

Mpumzishe konokono wako penye unyevu kwa saa moja, kisha urudie. Utaona mshtuko umerudi. Siku nyingine ongeza muda kati ya harage na harage, naye atachelewa zaidi kuzoea. Ukimaliza mrudishe nyasini, unawe mikono kwa sabuni, kwani konokono huweza kubeba minyoo.